Kipindi cha Michezo ni cha Mtoto Asiyechaguliwa

Hotuba ya mwalimu mstaafu wa michezo kwa walimu, kamati za shule na wazazi, Arusha

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa madiwani, maafisa elimu kata, walimu wakuu, wajumbe wa kamati za shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi, itifaki imezingatiwa. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Vijana mliosimama kule mlangoni, marahaba. Najua mlikuwa mbioni kuniamkia.

Barua ya mwaliko inanitaka nizungumzie umuhimu wa michezo na elimu ya afya katika shule zetu za serikali. Umuhimu naomba niuache. Humu ukumbini hakuna asiyeujua, na kila mahafali ya darasa la saba mnausikia tena, kati ya risala na keki. Mimi nina swali moja la kuwauliza: kile kipindi kilichoandikwa kwenye ratiba huwa kinakwenda wapi?

Maana kipo. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umewapa darasa la kwanza na la pili somo la Utamaduni, Sanaa na Michezo, na lingine la Afya na Mazingira. Kuanzia la tatu kuna Sanaa na Michezo. Baadhi yenu mlisoma Haiba na Michezo, na sisi wa zamani tulikuwa na majina yetu. Majina yamebadilika, kipindi hakijawahi kufutwa. Ingia ofisi ya mwalimu wa taaluma utaona kimebandikwa ukutani, mara nyingi Ijumaa, mara nyingi cha mwisho. Sasa nenda shuleni Ijumaa hiyo. Darasa la saba wamo ndani wanafanya jaribio. La sita wana hisabati ya ziada. La tano wanachota maji ya vyoo. La nne wanafagia kwa sababu Jumatatu wathibiti ubora wanakuja. Kiwanjani kuna vijana kumi na watano na mwalimu mmoja mwenye filimbi. Hao ni timu ya shule, wanajiandaa na UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi.

Vijana hao siwasemi vibaya. Nimefundisha wa aina yao Moshi, nikawafundisha tena hapa Arusha, na furaha ya kumpeleka mtoto mashindano ya mkoa naijua. Lakini shule ile ina watoto mia tisa. Toa kumi na watano. Waliobaki, mwalimu wa michezo hawajui hata majina, na kwa miaka yote ya shule ya msingi hakuna aliyewafundisha namna ya kurusha, kudaka, kuruka na kutua bila kuumia, wala namna ya kukimbia bila kuishiwa pumzi kwenye kona ya kwanza. Mimi nasema kipindi kile ni chao. Yule mwenye kipaji atacheza hata usipomfundisha. Atacheza chandimu barabarani mpaka giza limkute. Asiyechaguliwa ndiye serikali iliyemwekea kipindi.

Najua kinachotuponza. Mkoa huu una historia nzito ya riadha, na historia nzito hulevya. Filbert Bayi ni mzaliwa wa Karatu. Mwaka 1974 kule Christchurch alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia, akiongoza tangu mwanzo mpaka utepe. Mwaka uliofuata, mjini Kingston, akaichukua na rekodi ya maili. Mwaka 1980 Moscow akaleta fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akaleta fedha ya mita 5000. Mpaka leo medali zetu za Olimpiki ni hizo mbili. Kabla yao John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, alimaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia goti, na dunia haijamsahau. Septemba 2025 Alphonce Simbu akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, akimpita Mjerumani Amanal Petros mstarini kwa sekunde 0.03. Kilomita arobaini na mbili, tofauti sekunde 0.03! Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani.

Basi tunawatazama hao, tunaamini kazi ya michezo shuleni ni kumtafuta Bayi mwingine. Mwalimu anawapanga watoto mstari, anawakimbiza mara moja, anachukua wanne wa mbele, wengine anawaambia "nendeni mkafagie". Kwa yule wa tano mpaka wa tisini, somo la michezo la mwaka mzima limekwisha kwa sekunde kumi na tano. Alichojifunza ni kwamba yeye si mtu wa michezo. Ataliamini hilo mpaka uzeeni.

Wengine wenu mmeanza kutabasamu kwa sababu mmekumbuka mchakamchaka. Haya, tuuseme. Alfajiri, baridi ya Meru inauma masikio, kiongozi anaita na shule nzima inaitikia, vumbi linapanda. Sitaki kuupamba kuliko ulivyokuwa. Aliyechelewa alikuta fimbo inamsubiri getini, na wengi walikimbia tumbo tupu. Ila ulikuwa na jambo moja ambalo mashindano hayana: hakuna aliyechaguliwa. Mnene alikimbia, mwembamba alikimbia, na wimbo ndio uliopanga mwendo, kwa hiyo mwenye mbio hakuweza kuwaacha wenzake. Zipo shule ambazo zimeurudisha, nazipongeza. Lakini kukimbia pamoja asubuhi hakutoshi kuitwa somo. Somo lina lengo, lina hatua, na mwalimu anajua nani ameweza na nani bado.

Tena lipo jambo linaloniuma zaidi ya kipindi kupotea. Ni pale ambapo mazoezi ya mwili hayaonekani shuleni ila kama adhabu. Umechelewa, ruka kichurachura. Umeongea darasani, piga pushapu ishirini. Umekosa hesabu, zunguka kiwanja mara tano. Kisha mtoto akifika miaka thelathini, daktari anamwambia afanye mazoezi, tunashangaa mbona hataki. Walimu wenzangu, tukitaka kuadhibu tutafute kingine. Kuruka kwa kichurachura, mbali na kuwa adhabu, kunaweza kuumiza magoti ya mtoto anayekua.

Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 za kujishughulisha kila siku, ziwe za kumfanya atwete, na angalau siku tatu kwa wiki afanye vitu vinavyojenga misuli na mifupa. Takwimu za dunia za mwaka 2016 zilionyesha kwamba katika kila vijana 100 wa miaka 11 hadi 17, 81 hawafiki hapo. Wavulana ni 78, wasichana 85. Hizo ni za dunia, siyo za Ngarenaro. Naona mzazi mmoja hapa anatikisa kichwa, na naijua hoja yake, maana niliisikia katika kila kikao cha wazazi nilichowahi kukaa: "Mwalimu, mwanangu anatembea saa nzima kuja shule, akirudi anachota maji na kukata majani ya ng'ombe. Mazoezi ya nini tena?"

Hoja hiyo ni ya kweli nusu, na nusu hiyo naiheshimu. Mtoto anayeshuka mteremko wa Meru kwa miguu na kupanda tena jioni hana upungufu wa kutembea. Kutembea kunahesabika. Kama hajala kitu tangu jana, usimkimbize. Mpe uji kwanza, na hapo ni ninyi wazazi na michango yenu ya chakula, mwalimu hana shamba. Lakini mtoto wa Arusha mjini wa leo siyo huyo. Wa leo analetwa na bodaboda mpaka getini, anakaa dawatini mpaka jioni, anarudi na bodaboda, anaingia kwenye katuni. Mkononi ana juisi ya rangi na mfuko wa chipsi alivyonunua dirishani kwa mama wa duka, fremu ambayo, kwa bahati mbaya, sisi wenyewe tuliipangisha kwenye ukuta wa shule. Na hata yule wa mlimani, kubeba ndoo kunamfundisha kubeba ndoo. Hakumfundishi kuruka, kukwepa, kulenga, kuamua haraka, kushindwa mbele za watu na kucheka. Mifupa nayo ina mambo yake: inajengeka kwa mitikisiko ya kuruka na kutua, na sehemu kubwa ya uimara ambao mtu atautegemea maisha yote inawekwa kabla ujana haujaisha. Dada zangu wenye magoti yanayolia kama mlango, mnanielewa.

Na kama mtu anadhani presha na kiharusi ni magonjwa ya wazungu wanene, asogee hapo Hai, katikati ya Arusha na Moshi. Kuanzia mwaka 1992 watafiti walikuwa wakifuatilia vifo nyumba kwa nyumba wilayani humo. Walikuta watu wa umri wa kufanya kazi wanakufa kwa kiharusi kwa kiwango kilichozidi cha Uingereza. Sababu kubwa haikuwa fumbo: presha isiyopimwa na isiyotibiwa. Ni watu wa migombani hao, siyo wa ofisini. Kwa hiyo msiniambie kwamba jembe peke yake linatosha, wala msiniambie kwamba michezo peke yake inatosha. Mtoto anapaswa kutoka darasa la saba akijua presha ni nini, inapimwaje, na kwamba mtu anaweza kuwa nayo miaka kumi asihisi kitu. Akijua, atamburuta bibi yake zahanati. Watoto ni wasumbufu wazuri sana kwa kazi hiyo.

Hapo ndipo naingia kwenye afya, na hapa mtanivumilia nikae kidogo.

Elimu ya afya tunayofundisha ni ya kitabu, na kitabu kimeandikwa kwa nchi nzima. Nawa mikono. Piga mswaki. Chemsha maji ya kunywa. Yote sawa. Lakini sisi tunaishi chini ya mlima wa volkano. Miamba na majivu ya Meru yanatoa madini ya floraidi, yanaingia kwenye chemchemi, mito na visima. Shirika la Afya Duniani limeweka mwisho wa miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Kwa miaka mingi kiwango cha Tanzania kiliruhusu mpaka 4, kwa sababu sehemu nyingine ungekataza hayo watu wangekunywa nini? Na kule Ngarenanyuki na Oldonyosambu yapo maji yanayozidi hata hapo, mbali sana.

Sasa mfikirie mtoto wa huko darasani. Mwalimu anafundisha usafi wa kinywa, anasema meno machafu hubadilika rangi. Mtoto yule ana meno ya kahawia. Anapiga mswaki kila siku, na meno ni ya kahawia. Darasa zima linamgeukia. Kuanzia siku hiyo anacheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, nanyi mmewaona watu wazima wa mji huu wanaocheka hivyo mpaka leo. Somo la afya limemuumiza mtoto, na limemdanganya pia. Meno ya floraidi siyo uchafu. Rangi ile imeingia wakati jino likitengenezwa ndani ya fizi, kabla halijaota. Meno ya utu uzima yanajengeka tangu mtoto anapozaliwa mpaka kwenye miaka minane hivi. Kwa hiyo wa darasa la nne, meno yake yameshaamuliwa. Tunayeweza kumwokoa ni mdogo wake aliyeko nyumbani, na anayeweza kuupeleka ujumbe nyumbani ni huyu wa darasa la nne. Hiyo ndiyo elimu ya afya ya Arusha.

Ujumbe wenyewe una mitego. Wa kwanza ni huo wa kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, na tuendelee kuchemsha. Floraidi haiondoki kwa moto. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki ndani ya sufuria, kwa hiyo kila lita inayobaki imezidi ukali. Mama anayechemsha maji muda mrefu akidhani anamlinda mwanawe anastahili kuambiwa hivyo kwa upole, na mtoto wake. Wa pili ni magadi. Tunayatia kwenye maharage na makande yaive haraka, na magadi ya ukanda huu yana floraidi nyingi. Makande hayo ndiyo tunayopika shuleni! Wenyeviti wa kamati, mkirudi ulizeni jikoni kwenu wanatia nini sufuriani. Kuloweka mahindi na maharage usiku kucha kunalainisha na kunaokoa kuni vilevile. Wa tatu ni dawa ya meno. Mtoto mjanja atauliza: mbona imeandikwa ina floraidi? Mjibu kwamba kidogo inaimarisha jino na nyingi inaliharibu, na kwamba dawa ya meno inatemwa, haimezwi. Hapo umemfundisha sayansi kubwa kuliko ukurasa mzima wa kitabu.

Na lipo la kufanya. Hapo Ngurdoto, Arumeru, kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji. Njia iliyofanyiwa kazi hapo ni mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa joto maalumu, inasagwa, inawekwa kwenye ndoo au tangi, maji yanapita katikati yake na floraidi inanasa. Mkaa ule huchoka, lazima ubadilishwe, usije ukanunua ndoo ukasahau. Maji ya mvua nayo hayana tatizo hili. Paa la shule likiwa na mfereji na tangi safi, watoto wana maji ya kunywa kwa miezi kadhaa. Peleka darasa Ngurdoto kabla hujawapeleka mbuga za wanyama. Najua tembo wanapendeza. Ila mifupa ya watoto nayo, floraidi ikizidi sana kwa miaka, inapinda, na nimewahi kuwa na mwanafunzi wa namna hiyo kwenye mstari wangu wa mbio. Mwalimu mwingine alimwita mvivu.

Moshi wana yao. Kule chini kwenye mashamba ya mpunga na mifereji kuna kichocho, na mtoto anayeogelea mferejini anahitaji kujua kwa nini dawa ya mwaka jana haimkingi mwaka huu. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilijaribiwa kwanza Kilimanjaro mwaka 2014, ikaenea nchi nzima 2018. Chanjo ikifika shuleni kabla ya somo, uvumi unakuwa umeshafika kabla ya vyote viwili. Sitaendelea na hayo, wenzetu wa afya wapo hapa na watayaeleza vizuri kuliko mimi.

Nataka kusema kuhusu wasichana. Kuanzia darasa la tano hivi, wasichana wanaanza kupungua kiwanjani. Wanakaa chini ya mti na sweta begani. Mwalimu wa kiume anadhani ni uvivu au aibu ya kawaida, naye anaona aibu kuuliza, na mambo yanaishia hapo. Waulizeni, au mtafuteni mwalimu wa kike awaulize. Nilipouliza niliambiwa mambo matatu yasiyohitaji wafadhili: sketi inapepea wavulana wakitazama, hakuna mahali pa kubadilishia nguo, na siku za hedhi wanaogopa kuchafuka. La kwanza linakwisha kwa ruhusa ya kuvaa suruali ya trakisuti au bukta ndefu chini ya sketi. La pili, darasa tupu na pazia la kanga. La tatu linahitaji taulo za kike, na hapo kuna pesa. Mwaka 2018 serikali ilifuta kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo hizo, mwaka 2019 ikairudisha kwa sababu bei madukani haikushuka. Nilikasirika na serikali, nikakasirika zaidi na wauzaji. Wakati hayo yanatafutiwa ufumbuzi, akiba ya taulo kwenye kabati la mwalimu wa kike haihitaji kibali cha bunge. Na wasichana waambiwe ukweli kwamba kujongea mwili wakati wa hedhi hakudhuru. Wengine kunawapunguzia maumivu ya tumbo. Asiyejisikia, apumzike bila kuhojiwa mbele ya darasa.

Watoto wenye ulemavu nao mara nyingi ndio wanaoachiwa kulinda madaftari na viatu vya wenzao. Chuo cha Patandi kiko hapa hapa Arumeru, kinafundisha walimu wa elimu maalumu tangu zamani. Ombeni walimu wake waje wawaonyeshe. Mtoto asiyesikia hahitaji muujiza ili acheze. Anahitaji mwalimu apeperushe kitambaa pale anapopuliza filimbi.

Kuhusu viwanja nitasema kwa ufupi kwa sababu nikianza nitagombana na mgeni rasmi. Arusha inajengewa uwanja wa watu 30,000 kule Olmoti kwa ajili ya AFCON ya 2027. Nafurahi, nitaenda, nimeshaanza kuweka nauli. Mwaka huo huo wa 2027, kwa mpango wa mtaala mpya unaofupisha shule ya msingi kuwa miaka sita, darasa la sita na la saba watamaliza shule ya msingi pamoja. Madarasa ya sekondari yatahitajika kwa wingi, na jicho la kwanza la kila mhandisi litatua kwenye kiwanja cha mpira, kwa sababu ni tambarare na hakina mwenye kukidai. Wenyeviti wa kamati, kiingizeni kiwanja kwenye ramani ya shule sasa. Shule isiyo na hati ya ardhi ianze kuifuatilia sasa. Na fremu za maduka zisiongezwe hata moja.

Kuna mwalimu mkuu atasema hana fedha. Namwamini. Ruzuku ya elimu bila ada ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na 4,000 kati ya hizo ni za vitabu. Zinazobaki ndizo chaki, karatasi za mitihani na kila kitu. Mipira ya dukani usitegemee. Sare za michezo usiwalazimishe wazazi. Fulana ya zamani inakimbia vizuri tu. Kinachokosekana hasa siyo mipira. Kisichotahiniwa hakithaminiwi, ndiyo tabia yetu, na mtihani wa darasa la saba hauna karatasi ya kuruka kamba. Siombi iwepo, Mungu aepushe. Tukitahini michezo tutaanza kuuza masomo ya ziada ya kuruka kamba. Naomba mwalimu mkuu akikagua maandalio ya masomo akague na la michezo, na mwalimu awe na daftari lenye majina ya watoto wote. Huyu anadaka, huyu bado. Huyu anakimbia dakika tano bila kusimama, Januari hakuweza mbili. Basi.

Mtaniuliza, watoto tisini na mwalimu mmoja, inawezekanaje? Inawezekana kwa rede, ule mchezo wa kukwepa mpira wanaoucheza wasichana. Nimesikia wanaume wakicheka. Ninyi mnaicheka kwa sababu mnajua mtapigwa. Wagawe watoto makundi ya wanane wanane, makundi kumi na moja, mengine yawe na tisa. Kila kundi lina mpira mmoja wa soksi uliojazwa matambara, chupa moja na mchanga. Wawili wanarusha kutoka ncha mbili, aliye katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa, wenzake wanamlinda na kumhesabia. Anachuchumaa, anainuka, anaruka, anageuka, anaamua: nijaze au nikimbie? Anayerusha anajifunza kulenga. Hakuna anayesubiri zamu yake nusu saa, na anayetolewa anarudi mchezo wa pili baada ya dakika chache.

Kipindi kina dakika 40. Tano za kutoka darasani na kupangana, msizipuuze, watoto tisini siyo kuku wa kuachia tu mlango. Tano za kupasha mwili moto. Ishirini za kucheza. Tano za kutulia, na hapo ndipo unapoingiza afya: kila mtoto aweke vidole viwili shingoni, ahesabu mapigo yake kwa sekunde 15, azidishe kwa nne. Mwalimu wa hisabati atakushukuru. Waulize kwa nini ya huyu yako juu kuliko ya yule, moyo unafanya nini, nyumbani nani amepimwa presha. Tano za mwisho ni za kunawa na kunywa maji, na hapo uliza: maji haya yametoka wapi?

Nimeona kwenye ratiba ya leo baada yangu kuna mapumziko ya chai. Nimemwomba mratibu ayasogeze mbele nusu saa, amekubali kwa shingo upande. Nje nimeweka mipira ya soksi, chupa na ndoo za mchanga, na mstari wa kwanza umeshachorwa na wanafunzi wa shule jirani waliokuja kutufundisha. Walimu wakuu mtaanza, kundi la kwanza mchanganyiko wa wanaume na wanawake. Waheshimiwa madiwani, makoti yaachwe kwenye viti, yatalindwa. Kina mama waliovaa viatu virefu, viacheni verandani. Mgeni rasmi, wewe utakaa katikati na chupa.